Shingo ya Butimba

Nilinusa nyama ikiungua kabla sijajua kwamba nyama hiyo ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jikoni kwa dada yangu Adela, mtaa wa Nyakato. Nilikuwa nimerudi Mwanza siku chache tu kabla, na nilikuwa nikimsimulia habari za Kampala huku mkono wangu wa kushoto umeegemea ukingo wa sufuria ya maharage. Adela alinusa, akatazama jiko, akatazama mkono wangu.

"Koku! Mkono!"

Kidole cha mwisho kilikuwa kimegandana na sufuria. Nikakivuta, ngozi ikabaki pale. Sikulia, na hilo ndilo lililomtisha dada yangu. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mtu anayecheka msibani.

Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye baka mwilini lisilowasha wala kuuma, au kidole kinachodondosha vitu, ambaye anajiambia ni uchovu. Mimi nilijiambia hivyo kwa miaka mitatu. Sasa nina miaka arobaini na sita, nimemaliza dawa, nimepona. Nasema nimepona kwa sababu nesi ameandika hivyo kwenye kadi yangu. Mkono wenyewe bado unabisha.

Mimi ni mpiga piano. Nikisema hivyo hapa nyumbani watu huuliza, "Kanisani?" Kanisani pia nimepiga, lakini kazi yangu imekuwa ile ya kukaa peke yangu jukwaani na kupiga muziki mrefu uliotungwa karne nyingi zilizopita, mbele ya watu wanaokatazwa kukohoa. Sisi ni Wahaya wa Bukoba. Baba alikuja Mwanza kuwa fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki. Siku moja alikwenda Butimba kutengeneza friji la mwalimu mmoja aitwaye Bwire, akanichukua. Nilikuwa na miaka minane. Alipomaliza friji, mimi nilikuwa nimeshaketi kwenye piano na sikutaka kushuka.

Piano ile ilikuwa kuukuu. Miguu yake ilisimama ndani ya makopo manne yenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Wadudu wa ziwani walipokuja kama moshi baada ya mvua, waliingia ndani yake kwa maelfu, na kazi yetu wanafunzi ilikuwa kuwatoa kwa brashi katikati ya nyuzi. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa vidole vyangu hutafuta pa kwenda.

Mwalimu Bwire alipiga shingo yake ikiwa imegeukia kushoto, macho hayabanduki kwenye mkono wa kushoto, kama mtu anayechunga mbuzi mwizi. Vidole viwili vya mkono huo vilikuwa vimekunjika. Alisema mkanda wa injini ya boti ulimshika akiwa kijana. Asipopiga, mkono huo ulikaa mfukoni. Tukikosea, aligonga ubao wa piano kwa kijiko, tak. Tulikuwa wanafunzi saba, na sote saba tulipiga vilevile, shingo kushoto. Tuliamini ndivyo piano inavyopigwa. Nilipokwenda Nairobi baada ya kidato cha nne kufanya mtihani wa muziki, mtahini alimnong'oneza mwenzake, nikasikia: "Huyu naye ana shingo ya Butimba."

Mwalimu aliyenipokea Nairobi alinitoa shingo hiyo kwa khanga. Aliitandaza juu ya mikono yangu, kila siku, kwa miezi sita, nipige bila kuona. "Mikono ijue njia yenyewe," alisema. Ikajua. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipiga nikitazama mbele, au nimefumba macho. Nairobi, Kampala, Kigali, Dar es Salaam, majira mawili ya baridi Ujerumani. Sanduku moja. Sikuwahi kumaliza miaka miwili katika mji mmoja. Nilipokuwa Kigali niliikumbuka Nairobi, nilipokuwa Nairobi niliikumbuka Dar, na katika yote nililikumbuka ziwa, lakini sikurudi.

Baka lilitokea kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Jeupe-jeupe, kama mahali palipofutwa. Nilipewa krimu ya fangasi, nikapaka. Halikuondoka, nikalipaka poda kila nilipopanda jukwaani. Kisha kidole cha mwisho kikaanza uvivu.

Nasema uvivu kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Mpiga piano akikosea hajiulizi kama anaumwa. Anajiuliza amefanya mazoezi kwa saa ngapi. Niliviunganisha vidole vingine kwa utepe ili kile cha mwisho kifanye kazi peke yake. Nilikipa skeli, kupanda na kushuka noti zilezile, saa tatu kila siku. Kilipopata jeraha sikujua limetoka wapi, na nikafurahi, nikadhani ni alama ya bidii. Nilikiadhibu kidole kinachokufa kama mwalimu anayemchapa mtoto mwenye homa.

Onyesho langu la mwisho lilikuwa Dar. Mkono wa kushoto ulikuwa unashuka ngazi kubwa ya noti mbili-mbili, na katikati ya ngazi nikasikia noti isiyokuwa yangu. Niligeuka kumtafuta aliyeipiga. Wasikilizaji waliniona nikigeuka, mtu mzima, peke yangu jukwaani. Kisha ikaja nyingine, na nyingine. Nilimaliza, wakapiga makofi ya huruma, na kesho yake nikaanza kughairi maonyesho. Nikapita Kampala kuomba kazi ya kufundisha, nikaikosa. Nikarudi nyumbani, kwenye sufuria ya maharage.

Tabibu wa zahanati hakuuliza habari za kidole. Alikunja mkono wa shati langu juu, akaona baka, akakibonyeza kiwiko kwa ndani. Hapo niliruka. Mshipa ulikuwa umevimba kama kamba ya katani. Akaniandikia barua ya kwenda kliniki.

Kliniki ni moja kwa wenye kifua kikuu na wenye ugonjwa wangu. Benchi lao ni refu na wana barakoa. Benchi letu ni fupi. Nesi Veronika, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliniambia nifumbe macho, atanigusa mkono kwa ncha ya uzi, nami nimwonyeshe alipogusa. Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia feni, nilisikia mtu anakohoa, nilisikia muuza karanga nje.

"Nesi, mbona huanzi?"

"Nimemaliza, mwanangu."

Nikafumbua. Alikuwa ameweka uzi mezani.

"Ni ukoma," alisema, bila kushusha sauti wala kuipandisha.

"Si uliisha huo?"

"Umeisha kwa wasio nao. Wewe una pakiti kumi na mbili mbele yako. Moja kila mwezi. Tukianza leo, hutamwambukiza mtu. Hilo lishike kuliko yote nitakayokwambia."

"Na mkono?"

"Kilichokufa muda mrefu sikuahidi. Kilicholala tutajaribu kukiamsha. Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akakishika kidole changu cha mwisho kwa vidole vyake viwili. Nilikiona kinashikwa.

Pakiti ya kwanza ilikuwa Novemba, mvua ndiyo kwanza inaanza kushika. Vidonge vya kwanza vya kila pakiti humezwa mbele ya nesi, na siku hiyo mkojo huwa mwekundu. Nakwambia mapema ili usipige yowe chooni kama nilivyopiga. Kwa ajili ya mshipa nilipewa vidonge vingine vilivyonivimbisha uso ukawa duara na kunitia njaa ya mkulima. Kufikia Februari ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi ya kijivu, kavu, inapukutika kama gamba la mti. Nilipita mbele ya kioo cha kabati nikamsalimia mgeni.

Mkono wenyewe ulinitesa kwa namna ambayo sikujua jinsi ya kuieleza kliniki. Nikifumba macho nilikuwa na vidole vinane na nusu, kwa kuwa cha pete nacho kilikuwa kimekufa nusu. Cha mwisho kilikuwa mahali fulani, kinafanya mambo yake. Mtaani kwetu kuna karakana za kuchomelea vyuma. Nyundo zao zikipigwa mimi nilisikia sauti za chini za muziki nilioufahamu, na kila ilipofika noti ya kidole kile, pengo. Hata nikichambua mchele nilisikia pengo. Nilikuwa na swali moja tu, na sikumwuliza mtu: je, nitapiga tena mbele ya watu, au mimi sasa ni mwanamke aliyewahi kupiga?

Dada Adela aliwaambia majirani nina kisukari. Alinunua kikombe cha bluu, sahani ya bluu, bakuli la bluu. Hakuniambia ni vyangu. Vilikuwa tu vinanifuata. Wajukuu zake waliokuwa wakija kila Jumapili wakaanza kwenda kwa shangazi yao.

"Nesi amesema siambukizi," nilimwambia.

"Najua amesema."

"Basi?"

"Koku, mimi nakupikia, nakufulia, nakulaza. Niache na kikombe changu."

"Si chako. Ni changu."

Akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Rafiki yangu wa kliniki alikuwa Mzee Masanja, mfugaji, aliyekuwa mbele yangu kwa miezi mitano. Nilimkuta kwenye benchi fupi, nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba, akaniuliza niko pakiti ya ngapi. Nikamwambia ya nne.

"Mimi ya tisa," akasema. "Ng'ombe angekuwa ameshazaa. Mimi bado nabeba tu."

Ndiye aliyenifundisha kuvisha vipini vya sufuria vitambaa, na kukagua mikono na nyayo kila asubuhi kwenye mwanga, kama unavyokagua ng'ombe kutafuta kupe. "Usiuulize mwili," alisema. "Huu wetu unadanganya. Tazama."

Mwezi huohuo nesi aliniuliza swali lililonifuata mpaka kiangazi. Ugonjwa huu, alisema, hukaa mwilini miaka mingi kabla ya kujionyesha. Alitaka majina ya watu niliokaa nao karibu, wa sasa na wa zamani, ili wapimwe. Nikamtajia dada, marehemu wazazi wetu, wenzangu wa bweni, mume niliyeachana naye. Kalamu yake ikangoja.

"Mwingine?"

"Hakuna."

Wakati huo macho yangu yalikuwa yanaona mkono ukiingia mfukoni. Vidole viwili vilivyokunjika, cha pete na cha mwisho, kushoto. Mahali palepale kama kwangu. Niliketi ubavuni kwa mtu yule miaka tisa, kiti kimoja kirefu, bega kwa bega. Sikumtaja kwa sababu kila kitu kizuri nilichonacho kilitoka kwake, na nikimtaja kwa nesi basi hicho nacho kingeandikwa kwenye ile karatasi.

Nilivumilia mpaka pakiti ya saba. Mei, wakati wa kuvuna mpunga, nilimweleza Nesi Veronika kwamba kulikuwa na mwingine. Hakunigombeza. "Nenda umwambie aje apimwe," alisema. "Na ujue kwamba hata ukimwona, hutajua ilitoka kwa nani. Hakuna anayeweza kujua."

Mwalimu Bwire alikuwa anaishi Misungwi kwa binti yake. Nilimkuta barazani amekaa na sweta la mikono mirefu kwenye jua la saa tano, mpunga umeanikwa uwanja mzima. Piano ilikuwa sebuleni. Niliiona kupitia mlangoni, miguu minne ndani ya makopo manne.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?" Alikaza macho. "Koku? Umekuwa mweusi hivi, wanakulisha masizi huko Ulaya?"

"Ni dawa, Mwalimu."

Sikusema dawa gani. Nilinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, na kile kidole kilichojikunja. Aliutazama. Kisha akautoa wa kwake kutoka ndani ya sweta, polepole, akauweka kwenye goti kando ya wangu.

"Hakukuwa na boti," alisema.

"Najua."

"Niliugua kijana. Nikatibiwa mbali, kwenye makazi ya wagonjwa, miaka mingi. Waliniruhusu, wakaniambia nimepona. Ulikuwa hujazaliwa wakati huo. Walisema nimepona, Koku." Akaukunja mkono wa sweta juu. "Lakini hakuna mtoto aliyeketi kwenye kiti kile nisiyemwangalia mikono. Miaka yote. Nilikuwa nawaangalia mikono mkadhani nawasahihisha."

Kuku waliingia kwenye mpunga, binti yake akawafukuza.

"Kama ni mimi—" akaanza.

"Nesi anasema haijulikani."

"Kama ni mimi."

Nikamwuliza jambo jingine, ambalo nilikuwa nimelibeba njia nzima. "Kwa nini ulitufundisha shingo ile?"

"Sikuwafundisha. Mimi vidole hivi havinipi habari. Nilikuwa naviongoza kwa jicho. Nyinyi mliniiga. Nikaona mnavyoiga, saba, kama vifaranga. Ningewakataza mngeuliza, 'Mbona wewe?' Nikaacha. Mkaharibika shingo kwa aibu yangu." Kisha akasema, kama zamani, bila kuomba: "Ingia. Kaa."

Sikuwa nimegusa piano tangu Dar. Nilikaa, nikaweka mikono, nikatazama mbele kama Nairobi ilivyonifunza, nikaanza. Noti ya nne, kidole kilipotea. Nilisikia kijiko kikigonga ubao, tak, kama alivyokuwa akigonga.

"Kushoto," alisema.

Nikageuza shingo. Ilikwenda yenyewe, miaka yote ile ikiwa imesubiri pale. Nilikiona kidole, kimekunjika, kimechelewa, nikakipeleka kwa jicho kama unavyompeleka mtu asiyeona mpaka mlangoni. Kikagusa. Sauti ikatoka. Mimi sikuhisi kitu, lakini sauti ilitoka mahali pake. Nilipiga kipande kifupi cha watoto, chenye makosa mengi, na nilipomaliza shingo iliniuma na sweta la Mwalimu lilikuwa limelowa machozi kifuani.

Alikuja kliniki wiki iliyofuata. Walimpima, hakuwa na ugonjwa, alikuwa na makovu yake tu. Alikaa kwenye benchi fupi, mkono nje.

Niliporudi nyumbani kutoka Misungwi nilimweleza dada habari yote. Mwezi uliofuata alivaa gauni la kanisani, akanifuata kliniki, akapimwa, akapewa dawa ya kinga, akaimeza mbele ya nesi. Jumapili ile aliniita uani, akanivua blauzi, akanipaka mafuta ya nazi mgongoni ambako mkono wangu haufiki, pale palipokuwa panapukutika. Alipaka kwa kiganja kizima. Na kesho yake nilimkuta anakunywa uji wake kwa kikombe cha bluu, ananitazama juu ya ukingo wake, akinichokoza niseme kitu.

Mwalimu Bwire alifariki Septemba, kabla ya pakiti yangu ya kumi na mbili. Moyo, walisema. Binti yake alinikabidhi piano. Ilikuja Nyakato juu ya magunia ya mpunga. Wakati wa kuiteremsha nilishika makopo manne, nikagundua nalia. Bado naisikia ile tak. Sioni haja ya kuikataa.

Sasa swali langu. Jukwaa la Dar sitalirudia. Kuna muziki ambao hauwezi kusubiri jicho, nao umeniaga. Kila siku nasikia mapengo yake, hasa nyundo zinapolia. Lakini muziki wa polepole napiga, na nimepiga mara mbili ukumbini mbele ya watu, shingo kushoto, wakanitazama kisogo jioni nzima. Na nina wanafunzi wanne.

Mmoja, Glory, ana miaka tisa. Siku moja nilimwona anapiga shingo ikiwa imegeuka. Mkono wake ni mzima kabisa, nilishauangalia. Nimeangalia ya wote.

"Nyoosha shingo, Glory. Tazama mbele."

"Mbona wewe Mwalimu?"

Nilihisi mkono wangu unataka mfuko. Gauni nililovaa halikuwa na mfuko. Nikamweleza, kwa maneno ya mtoto, jina la ugonjwa likiwemo: nilikuwa nao, nikameza dawa mwaka mzima, umeisha, ukaondoka na kidole hiki. Alisikiliza, akauliza kama kilidondoka kikaota kingine. Nikasema hapana. Akanyoosha shingo, akaendelea na somo lake.

Jumatano hakuja. Niliketi kwenye piano saa nzima ya somo lake bila kuinua mfuniko. Alhamisi pia hakuja.

Ijumaa alikuja na mama yake. Mama Glory anauza vitambaa sokoni. Ni mtu wa kusema anachofikiri. Hakukaa. Alisimama kati ya mtoto na piano.

"Mwalimu, mtoto amenieleza neno. Nimekwenda kuuliza hospitali, wamenielewesha. Lakini nataka nione mwenyewe kwa macho."

"Karibu," nikasema.

"Hicho kidole."

Nikampa mkono. Aliugeuza juu, akaugeuza chini, kama anavyokagua kitambaa, akafika kidole cha mwisho, akapita kovu la sufuria. Kidole hakikuniambia kitu. Ilibidi nitazame kushoto ndipo nikajua kwamba amekishika, na kwamba hajakiachia.